Trekta la Kisenyi

Kwetu Kitale matrekta ya kale yamekwisha kubadilishwa vyuma hata asili yake haitambulikani; ndiyo sababu, nilipopata habari kwa dereva mmoja wa lori ya kwamba Kampala liko moja lisiloguswa, nilifunga safari bila ya kutaka shauri, nikavuka mpaka pale Malaba, nikapita Tororo na Iganga, na baada ya kulivuka daraja la Mto Nile huko Jinja, alasiri nikawasili Kisenyi, makao ya mafundi waundao mashine za kusagia mahindi, ambako vishindo vya nyundo humlazimisha mgeni kupaza sauti hata katika kusalimu.

Nyuma ya karakana moja, baina ya mapipa, ndipo liliposimama: Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwishoni mwa 1964, zama ambazo serikali ya Uganda, ikingali changa katika uhuru wake, ilikuwa ikiwakodishia wakulima matrekta. Wekundu wake ulikuwa umefifia, tairi za mbele zimepasuka, na katika ile mikono mitatu ya nyuma, ambayo Harry Ferguson aliiunganisha na nguvu ya haidroliki ili uzito wa plau na udongo uyagandamize magurudumu yasiteleze, mkono wa kulia haukuwepo.

Hayo hayakunitia huzuni. Hofu yangu ilikuwa bomba la moshi, maana trekta likiachwa uwanjani mvua huteremka humo hadi kwenye silinda, pistoni zikashikwa na kutu, na hapo gharama haina kiasi. Nikainua macho: juu ya bomba palifunikizwa kopo la maziwa, limefungwa kwa waya uliokwisha kuliwa na kutu. Nani aliyelifunga, mwenye karakana hakumjua. Nami nilimwombea kheri.

“Injini inazunguka?”

“Jaribu mwenyewe, ssebo.”

Akachomoa kijiti cha oili: nyeusi, nzito, isiyo na weupe wa maji. Kisha tukatia spana kwenye nati ya krankshafti, tukaielemea sote wawili, na baada ya kitambo ile Perkins ya silinda 3 ikageuka robo mzunguko, ikashusha pumzi.

Bei tuliijadili hadi magharibi, nikalipa kwa sharti kwamba pampu ya dizeli isafishwe kabla ya mtu kuthubutu kuliwasha, na mkono uliopotea ufuliwe papo hapo Kisenyi, kwa kipimo cha ule wa kushoto.