Fundo la Mama

Nilipokuwa darasa la tatu nilikuwa nafunga mafundo mia mbili kila alfajiri kabla ya kwenda shule. Mama anakaa kwenye kigoda, ndoo ya maji aliyoyachemsha jana yake iko katikati ya miguu, anachota kwa kikombe na kumimina kwenye kifuko chembamba cha nailoni. Ananipa. Mimi nazungusha mdomo wa kifuko kwenye kidole, napitisha, navuta, naweka kwenye beseni. Kabla kaka yangu hajamaliza kuoga, beseni limejaa maji ya Kandoro, tayari kwa friza. Mchana Mama aliyauza kituo cha daladala, shilingi 50 kifuko kimoja, pamoja na barafu za ukwaju na za ubuyu. Mtaa mzima ulimwita Mama Barafu.

Fundo lake halikuwa kama la wauzaji wengine. Fundo la kawaida lilikuwa likilegea kwenye friza, maji yanavuja, na asubuhi unakuta vifuko vyote vimegandana kuwa jiwe moja. La Mama lilirudishwa mara ya pili ndani ya kitanzi chake, likabakiza kincha kidogo kilichosimama kama sikio la panya. Alinifundisha kwa kunichapa vidole kila nilipokosea. Mpaka leo naweza kulifunga gizani.

Nilichelewa sana kugundua kitu kimoja: hakuna mteja aliyewahi kulifungua. Anayenunua anang'ata kona ya chini, ananyonya, anatupa. Maji yanakwisha kwa dakika moja. Fundo linabaki limefungwa.

*

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Kigogo, upande wa bondeni, si mbali na Mto Msimbazi. Gari la taka halikuweza kushuka kule. Mwenye hela alimlipa kijana wa mkokoteni, asiyekuwa nayo alisubiri mvua. Wingu likishakuwa jeusi unasikia mama wa nyumba ya pili anaita, "Haya, taka!" Nasi watoto tunabeba viroba mpaka mtoni, tunavimwaga, tunarudi mbio kabla hatujalowa. Mto ulichukua kila kitu. Hatukuuliza unapeleka wapi.

Desemba 2011 uliturudishia. Mvua zilizoanza kupiga Dar es Salaam tarehe 20 ziliua zaidi ya watu 40, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mimi nilikuwa na miaka 12. Maji yalipofika magotini Mama alimfunga mdogo wangu mgongoni, akaweka mfuko wa vyeti kichwani, akasema twende. Friza haikubebeka. Aligeuka mara moja tu kuitazama, kisha tukapanda kwa mama mdogo, Mburahati.

Tuliporudi siku ya tatu, tope lilikuwa ndani ya vyumba vyote viwili. Nailoni zilikuwa zimejisokota kwenye miguu ya kitanda, kwenye nondo za dirisha, na kwenye mpapai wa uani, juu ya kichwa changu, zikionyesha maji yalifika wapi. Mtaro wa mtaani haukuonekana. Ulikuwa umejaa mchanga na mifuko hadi ukingoni, umeshindiliwa kama gunia la mkaa.

Nilipokuwa nakwangua tope mlangoni niliokota kifuko kimoja. Kona ya chini imeng'atwa. Juu kuna sikio la panya. Nikampelekea Mama. Alikipokea, akakitazama, akakitupa nje. Nje kulikuwa na tope lilelile. Hatukulizungumza jambo hilo kwa miaka minane.

Sisemi kwamba vifuko vya Mama ndivyo vilivyoleta mafuriko. Mvua ile ilikuwa kubwa, na sisi tulikuwa tunaishi mahali ambapo mto ulipaona ni pake. Lakini maji yaliyotaka kutoka mtaani kwetu yalikuta njia imezibwa, na katika waliosaidia kuziba nami nilikuwemo, mafundo mia mbili kwa siku.

Machi mwaka uliofuata Mama alikopa kwenye kikoba, akanunua friza ya mtumba, akaanza upya. Sare zangu za sekondari, daftari, nauli, michango ya mitihani, vyote vilitoka kwenye friza ile.

*

Kwa hiyo nilipofika chuo kikuu na kuchukua somo la mazingira, nilikuwa nasoma ubaya wa nailoni kwa hela ya nailoni.

Nilijifunza kwamba mwaka 1950 dunia nzima ilitengeneza takriban tani milioni 2 za plastiki, na kwamba sasa inatengeneza zaidi ya tani milioni 400 kila mwaka. Nilijifunza kwamba watafiti walipopiga hesabu mwaka 2017 walikuta ni kama asilimia 9 tu ya taka zote za plastiki zilizowahi kuzalishwa ndizo zilizorejelezwa. Nyingine zilichomwa, na nyingi zaidi zipo kwenye madampo, kwenye udongo, mitoni na baharini. Plastiki haiozi kama ganda la ndizi. Jua na mawimbi huikatakata tu, vipande vikazaa vipande, mpaka vinakuwa vidogo vya kuingia kwenye samaki, kwenye chumvi, hata kwenye damu ya binadamu, ambako vimeshakutwa.

Usiku mmoja bwenini nilichukua kalamu. Vifuko mia mbili kwa siku, siku mia tatu kwa mwaka, miaka kumi. Laki sita. Hiyo ni familia moja, kituo kimoja cha daladala.

Kisha likaja katazo. Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ikapigwa marufuku Tanzania Bara. Rwanda ilikuwa imetutangulia mwaka 2008, Kenya mwaka 2017. Rambo zikatoweka madukani, watu wakaanza kubeba vitunguu kwenye khaki, na bibi zetu wakatoa vikapu vya ukili vilivyokuwa vimetundikwa ukutani. Sikuwahi kuamini kwamba kitu kilichozoeleka kiasi kile kingeweza kuondoka haraka hivyo. Kuhusu vifuko vya Kandoro, kila mtu mtaani alikuwa na tafsiri yake ya sheria.

Mimi nilikuwa na tafsiri yangu. Nilikwenda nyumbani Jumamosi ile nikiwa nimejaa.

"Mama, hii biashara uiache."

"Niiache nile nini?"

Nikamtajia laki sita. Nikamweleza nilivyoipata. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akiendelea kumimina maji.

"Umehesabu vifuko," akasema. "Na ada umehesabu?"

Nikanyamaza.

"Nilipokuja mjini," akaendelea, "maji ya barabarani yalikuwa ya ndoo na kikombe kimoja. Anakunywa huyu, anarudisha, anakunywa yule. Kipindupindu kikiingia hakichagui nyumba. Vifuko vilipokuja tukashukuru Mungu. Kila mtu na maji yake, yamechemshwa, yamefungwa. Nyie mnaona uchafu, mwanangu. Sisi tuliona usafi."

Darasani hatukuwa tumefundishwa jibu la hilo. Tulifundishwa plastiki kama tatizo. Hakuna aliyetuambia kwamba kwa watu kama Mama iliingia kama jibu: la mtu mwenye kiu kituoni, jiji lisilo na bomba la maji salama karibu yake, na mfuko wenye shilingi 50 tu. Ukiliondoa jibu bila kuligusa swali, swali litatafuta jibu jingine, na mara nyingi litakuwa plastiki nyingine. Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya rambo kuondoka, wauzaji sokoni waligeukia vifungashio vyepesi visivyo na mikono, wakafungia humo nyanya na dagaa kama zamani. Hata ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa, niliyojivunia kuibeba, nilikuja kujua kwamba mingi imetengenezwa kwa polipropilini. Nayo ni plastiki, ila inadumu zaidi mkononi.

*

Mwezi uliofuata nilijiunga na wanafunzi wenzangu kusafisha mikoko karibu na Daraja la Salender, mahali Msimbazi unapoingia baharini. Nilikuwa naona kwa mara ya kwanza mto ulikokuwa unapeleka mizigo yetu. Kulikuwa na kandambili za mguu mmoja mmoja, mifuko ya sukari, na vile viroba vya pombe kali vilivyopigwa marufuku tangu Machi 2017, rangi zake zikiwa bado mbichi. Nailoni zilikuwa zimevaa mizizi ya mikoko kama soksi. Unavuta moja inatoka na nyingine tatu.

Kitu kimoja kilinishangaza. Chupa za maji zilikuwa chache. Mzee mmoja mwokota makopo, aliyekuwa amefika kabla yetu na gunia lake, alinipa sababu bila kusimama. Chupa inapimwa kwa kilo na kuuzwa. Nikamwonyesha rundo la nailoni tulilokuwa tumelikusanya, nikamuuliza kwa nini hizi haziokoti.

"Hizo hazina bei," akasema, akapita.

Nikakumbuka soda. Utotoni ukitumwa soda dukani unakwenda na chupa tupu ya kioo. Huna chupa, unaacha hela ya chupa au unainywea palepale umesimama, muuza duka anakutazama. Chupa ile ilirudi kwenye kreti, kreti ikarudi kiwandani, ikaoshwa, ikajazwa tena. Ilikuwa na mwenyewe aliyekuwa anaisubiri. Katika miaka yote ya kumwaga taka Msimbazi sikumbuki kumwaga chupa nzima ya soda. Angenichapa nani kwanza, Mama au mwenye duka?

Kifuko chetu hakikuwa na wa kukisubiri. Kiwanda kilikitengeneza, kikakiuza kwa bunda, kikamaliza. Mama akakiuza, akamaliza. Mteja akanyonya, akamaliza. Kila mmoja alilipa kidogo, na gharama iliyobaki ikalipwa na aliyekuwa chini kabisa, bondeni.

Tangu siku ile, nikisikia mtu anasema tatizo ni wananchi hawana elimu ya usafi, nakosa uvumilivu. Wananchi walewale walirudisha kila chupa ya soda. Tofauti ilikuwa shilingi chache za rehani na mtengenezaji aliyetaka chombo chake kirudi. Naamini plastiki itapungua hivyo: isiyo ya lazima isitengenezwe kabisa, ile inayobaki mtengenezaji alazimike kuipokea, na anayeitumia kwa sababu hana maji apelekewe maji.

Mwezi Machi 2022 nchi za dunia zilikutana Nairobi, chini ya Umoja wa Mataifa, zikakubaliana kuandaa mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Agosti 2025 zilikutana Geneva, zikaachana bila makubaliano. Ugomvi mkubwa ulikuwa kama kuna haja ya kuweka kikomo cha uzalishaji. Nchi nyingi zilikitaka. Nyingine, zikiwemo zinazochimba mafuta ambayo plastiki hutokana nayo, zilitaka tushughulike na taka tu. Nilisoma habari hiyo nikiwa kwenye mwendokasi, tunapita Jangwani, na nikafikiria ule mtaro wetu. Kuzibua mtaro ni kazi njema. Lakini tulikuwa tunauzibua kila mwaka, na kila alfajiri mimi nilikuwa nafunga mafundo mengine mia mbili.

*

Mama aliacha vifuko mwaka 2020. Sikumshinda kwa hoja. Friza ya mtumba iliharibika, mimi nikawa nimepata kazi, tukakaa tukaongea. Sasa ana kibanda nje ya nyumba, Mburahati. Juisi ya ukwaju anaiuza kwenye glasi, na pembeni ana maji ya moto na sabuni, kwa sababu hajasahau kile kikombe kimoja cha zamani. Barafu anagandisha kwenye vikombe vidogo vigumu. Mtoto anaacha shilingi 100 ya kikombe, akikirudisha anarudishiwa.

Anapata kama nusu ya alichokuwa anapata. Abiria wa daladala hawezi kuondoka na glasi. Pengo naliziba mimi kila mwisho wa mwezi, kwa mshahara uliotokana na mafundo laki sita. Siusimulii mpango huu kama ushindi. Yule dada aliyechukua nafasi yake kituoni hana mtoto wa kumzibia pengo, kwa hiyo anauza Kandoro, na bomba karibu na kituo bado hakuna.

Mwezi uliopita nilirudi Salender kusafisha. Kwenye tope, kati ya mizizi miwili, nikakuta kipande cha nailoni kilichochakaa, kimebaki mdomo tu, na juu yake sikio la panya. Siwezi kuapa. Mama aliwafundisha wengi. Nilikiosha, nikampelekea.

Alivaa miwani. Akalijaribu fundo kwa ukucha, kisha kwa jino. Halikufunguka.

"Hili langu," akasema.

Akawa bado amelishika pale mtoto wa jirani alipofika mbio, kikombe mkononi, anadai mia yake. Mama akaliweka fundo juu ya meza, akafungua pindo la kanga, akampa.