Toka London Hadi Johannesburg kwa Njia ya Entebbe

Mtu asimamaye leo ufukoni mwa ziwa huko Entebbe si rahisi akumbuke kwamba mji huo ulikuwa kituo cha safari iliyoistaajabisha dunia. Tarehe 2 Mei, 1952, ndege ya Comet ya shirika la BOAC iliondoka London, ikawa jeti ya kwanza kuchukua abiria wa nauli kwa ratiba. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg kabla ya saa 24 kutimia.

Miaka 20 kabla ya hapo, mwaka 1932, msafiri wa kutoka London kwenda Cape Town alitumia siku 10 hivi. Njiani alishuka katika ndege akapanda gari moshi, kisha akapanda ndege nyingine zielezo majini.

Kila askari aliyekwenda mwendo mrefu kwa miguu anajua kwamba saa nyingi hazipotei katika kutembea, bali katika kusimama. Ndivyo ilivyokuwa kwa Comet. Mwendo wake ulizidi kilomita 700 kwa saa, lakini matangi yake hayakutosha safari ndefu. Kwa kupitia vituo vyote hivyo, njia yake ilikuwa karibu kilomita 10,800, ingawa njia iliyonyoka haizidi sana kilomita 9,000. Ndege za siku hizi hupita moja kwa moja kwa muda wa saa 11 hivi.

Lakini mbio hizo zina gharama yake. Ndege ile ile iliyofungua njia mwaka 1952 ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari, 1954, wakafa watu wote 35. Ndege za Comet zikaruhusiwa kuruka tena kabla chanzo hakijajulikana. Tarehe 8 Aprili mwaka huo huo, Comet nyingine iliyokuwa ikienda Johannesburg ilianguka baharini karibu na Naples, wakafa watu 21.

Hapo ndipo wataalamu wa Uingereza walipotia kiwiliwili cha Comet katika tangi kubwa la maji, wakakijaza na kukilegeza tena na tena mpaka kikapasuka. Wakagundua kwamba bati lilikuwa limechoka, kwa kutanuka na kunywea kila ndege ilipopanda na kushuka. Comet zilizoimarishwa zilirudi kuchukua abiria mwaka 1958.

Basi, ndugu msomaji, siku utakapokwenda uwanjani kumpokea mzazi au mwana, ukaambiwa ndege imechelewa kwa kuwa mafundi wanaikagua, usinung'unike. Waambie watoto wakae chini, wangoje. Saa hizo za kungoja zilikwisha kulipiwa na wale waliosafiri kabla yetu.