Nguzo Zilizosimama Kichwa Chini

Rafiki yangu mmoja, mshairi Mwislamu ambaye tumekosoana vina na mizani kwa zaidi ya miaka 20, aliniuliza hivi karibuni tukiwa barazani: "Dhiki zako sote tunazijua. Huo utulivu unautoa wapi?" Nilimjibu kwa mzaha kwamba ninaununua Darajani, kwa kilo. Tukacheka, kahawa ikamiminwa, maneno yakahamia kwingine. Lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani, na jibu la mzaha si jibu. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia.

Mwezi Desemba 2009 umeme ulizimika Unguja nzima, na haukurejea hadi Machi 2010. Waliokuwapo hawahitaji kukumbushwa. Mabomba yalikauka kwa kuwa pampu hazikuwa na nguvu ya kusukuma maji, ndoo zikapangwa foleni visimani, na kila mwenye uwezo katika Mji Mkongwe akaweka jenereta mlangoni pake, hata vichochoro vikanguruma na kunuka moshi mchana kutwa. Nyumbani kwangu tulikuwa watu 6: mimi na mke wangu, watoto watatu, na mama yangu aliyekuwa amepooza upande mmoja wa mwili. Kumgeuza kitandani, kumwogesha na kumkaushia mashuka kulitaka maji mengi, na maji yalibebwa kichwani.

Nilikuwa nikiishi kwa kutafsiri. Lazima niseme kwamba mimi si mtu wa shahada. Shule niliishia darasa la saba, na Kiingereza nilikiokota katika redio na katika kamusi kuukuu isiyo na jalada. Kwa mtu wa namna hiyo, kuitwa mfasiri ni kama kuvaa kanzu ya kuazima: furaha ipo, lakini wakati wote unachelea mwenyewe asije akaidai. Kwa hofu hiyo sikuwahi kukataa kazi. Mikataba, barua za mahakamani, maelezo ya mbolea, vyote nilivipokea, nikavifanya usiku kwa mwanga wa kandili, kwa mkono, kwa kuwa kompyuta ilikuwa imelala pamoja na umeme.

Usiku mmoja wa Januari nilitafsiri kikaratasi cha maelezo ya dawa ya maji ya watoto. Katika Kiingereza, vifupisho vya kijiko cha chai na kijiko cha chakula vinatofautiana kwa herufi moja tu. Jicho langu liliiona herufi ambayo haikuwapo. Nikaandika kijiko cha chakula. Tofauti yake, kwa asiyejua, ni mililita 5 kuwa 15: mtoto mchanga anywe mara 3 ya kipimo chake.

Nakala zilikuwa zimekwisha pigwa chapa, bado kugawiwa, muuguzi mmoja aliposoma akashtuka. Nikaitwa. Hapa ndipo penye aibu yangu, maana kosa la jicho kila mtu hulifanya. Nilipoulizwa, nilisema mswada wangu ulikuwa sahihi, aliyekosea ni kijana aliyepanga maandishi. Wakaniomba mswada. Nikasema nitautafuta. Ulikuwapo mezani kwangu. Nilifika nyumbani, nikautia jikoni, katika makaa yaliyokuwa yakichemshia maji ya mama.

Kijana yule aliachishwa kazi juma lile lile.

Tangu hapo usingizi ukanihama. Nikawaambia watu, na mimi mwenyewe nikaamini, kwamba ni joto, ni jenereta, ni mbu, ni maradhi ya mama, ni ada ya shule. Sababu zilikuwa nyingi na zote zilikuwa za kweli. Ndiyo maana zilifaa sana kuificha ile moja. Nilimfokea mke wangu kwa chumvi ya mchuzi. Nilimpiga mwanangu wa pili kwa kumwaga nusu ndoo ya maji, naye alikuwa ameibeba kutoka mbali. Sala niliiacha, si kwa kukana, ila kila nilipofumba macho nilimwona kijana yule akifunga mfuko wake wa kazi.

Mzee mmoja muuza kahawa, jirani yetu, mtu wa swala tano, ndiye aliyenitazama siku moja akasema: "Mwanangu, wewe siku hizi huvuti pumzi. Wazitoa tu." Nilidhani ananitania. Nilipokuwa nikitembea nikajisikiliza, nikaona kweli: napumua kwa juu juu, kama mtu aliyepandishwa mlima.

Miguu ilinipeleka Mkunazini. Kanisa Kuu lile limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka huo huo. Wageni huonyeshwa msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, alikofia Livingstone, na duara la marmari mbele ya madhabahu, ambapo inasemekana ulisimama mti waliofungiwa watu wakachapwa viboko. Mimi sikwenda kutazama. Nilikwenda kwa kuwa ni ndani mle tu ambamo ngurumo za jenereta hazikufika sana.

Nikakaa nyuma, upande wa kisima cha ubatizo. Pale pana nguzo ndogo za mawe ambazo kila mwenyeji wa kanisa hilo anazijua: zimesimamishwa kichwa chini, miguu juu. Walinzi husimulia kwamba Askofu Edward Steere alikuwa safarini, mafundi ambao hawajapata kuona nguzo za namna hiyo wakaziweka walivyoona wao, na aliporudi akaziacha. Nilikuwa nimezipita mamia ya mara. Siku ile nilizitazama kwa muda mrefu. Makosa yale yalikuwa yamesimama hadharani kwa zaidi ya miaka 100, ndani ya nyumba ya Mungu, pembeni mwa maji ya ubatizo, na paa halikuanguka. Hakuna aliyeyapaka chokaa yasionekane. Hakuna aliyeyachoma jikoni.

Steere mwenyewe alikuwa mfasiri, nami humwonea wivu kidogo kama tunavyooneana wivu watu wa kazi moja. Hadithi za Kiswahili alizozichapisha mwaka 1870 hakuzitunga. Alikaa akazisikiliza vinywani mwa wasimuliaji wa hapa hapa Unguja. Alifariki mwaka 1882, na kaburi lake limo humo humo kanisani. Nikawaza: mtu aliyekuja kuwa askofu alikubali kuketi kama mwanafunzi mbele ya wenye lugha, na mimi wa darasa la saba nimeshindwa kusema nimekosea kijiko.

Likanijia neno la yule mzee wa kahawa, pumzi, na nyuma yake likaja jingine. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 11, Yesu anawaita wenye kulemewa na mizigo na kuwaahidi jambo ambalo Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 imelieleza kwa tendo moja: kupumzisha. Nilikuwa nimelisoma tangu utotoni pasipo kulifungua. Pumua, pumzi, pumzika, pumzisha. Mwenye kukupumzisha, kwa lugha yetu, hakulazi kitandani; anakurudishia pumzi. Baadaye nilikuja kujua kwamba neno la Kiyunani halina pumzi ndani yake, lina maana ya kukomesha na kutuliza. Pumzi tumeitia sisi Waswahili. Na ahadi ile haimalizikii kwenye godoro: papo hapo anayeitwa anapewa nira aichukue. Miaka yote nilikuwa nikiomba niondolewe mzigo, na nilipoona hauondoki nikadhani sikusikiwa.

Nilikwenda kwa padri nikaungama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Kijana yuko wapi?" Nikasema sijui. Akasema: "Basi ungamo lako limefika nusu. Katafute nusu ya pili, kisha urudi."

Ilinichukua siku 4 kumpata. Alikuwa Mwanakwerekwe, akimsaidia mjomba wake kuuza mitumba. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama juani, pamoja na habari ya mswada na makaa. Alinyamaza, akiendelea kukunja shati lile lile, akilikunjua na kulikunja tena. Kisha akasema: "Kaka, mama yangu aliniambia nikubali tu kwamba ni mimi. Alisema mtu mzima kama yule hawezi kusema uongo kwa jambo kama hili. Nami nikaanza kuamini ni mimi."

Kuna maneno ambayo sijapata kuyatafsiri katika lugha yoyote, na hayo ni miongoni mwake.

Niliandika barua nikaipeleka kwa mkono wangu. Kijana alirudishwa kazini baada ya majuma matatu. Mimi sikupewa kazi tena na watu wale, na walikuwa na haki. Ada ya muhula ule tulilipa kwa kuuza cherehani ya mke wangu, jambo ambalo hunikumbusha hadi leo, wakati mwingine kwa kicheko. Mimi na yule kijana hatukuwa marafiki. Tukikutana tunaamkiana na kuulizana hali.

Lakini jioni niliporejea kutoka kupeleka barua ile nilijilaza mkekani, nje mlangoni, jenereta ya jirani ikinguruma karibu na sikio langu. Umeme ulikuwa haujarudi. Mama alikuwa bado amepooza, na alikaa hivyo miaka mingine 4 kabla Mungu hajamwita. Nikaikuta pumzi ikishuka hadi tumboni, ikatulia, ikapanda. Nilimshukuru Mungu kwa hiyo moja tu, sikuwa na nguvu ya kushukuru kwa nyingine, nikalala mpaka adhana ya alfajiri. Niliamka nikamwomba radhi mwanangu kwa habari ya ile ndoo. Akaniuliza, "Ndoo gani?"

Sasa kila ninapopewa maelezo ya dawa, simalizi kazi kabla mke wangu hajaketi nami nikamsomea kwa sauti, mstari kwa mstari, Kiingereza kikiwa mkononi mwake. Tukifika penye kipimo hunisimamisha, hata nikiwa na haraka, akaniuliza: "Kijiko kipi hicho?"