Kabla hujakitupa kichezeo cha mwanao



Ndugu zangu, wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia kwa faragha. Mume wake alirudi kazini akamkuta binti yao wa miaka 4 anambembeleza mwanasesere. Akamchukua yule mwanasesere, akamkata kichwa kwa kisu cha jikoni, akamtupa jalalani. Akasema malaika hawaingii nyumba yenye sanamu. Tangu siku hiyo mtoto anaamka usiku. Dada ananiuliza mambo mawili: je, mume wangu amepatia? Na la pili, Idi inakaribia, nimnunulie mtoto nini ambacho hakitatupwa? Nimemwomba ruhusa nijibu hapa, bila kumtaja, kwa kuwa maswali ya namna hii nimeyapokea mengi.

Nilitaka kumjibu kwa mistari mitatu nikashindwa. Huyo mume namjua. Ni mimi wa mwaka 2001.

Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimekabidhiwa darsa ya baada ya Alasiri, na nilikuwa na ile homa ya mtu aliyeelimika juzi. Binti yangu mkubwa alikuwa na miaka 6. Mama yangu, Allah amrehemu, alimshonea bandia. Siku hizi mnaita mdoli. Sisi tulikuwa tukisema bandia. Mwili wake kitambaa cha kanga kuukuu, ndani amejazwa sufi zilizookotwa chini ya msufi, nywele za uzi mweusi, macho mawili ya vifungo vya shati langu. Binti yangu alimwita Mwanahamisi kwa kuwa alishonwa siku ya Alhamisi.

Siku hiyo nilitoka kusomesha, na mada ilikuwa picha na masanamu. Nikamkuta barazani amemlaza Mwanahamisi kwenye mkeka, ameinama, midomo inacheza. Nikambeba yule bandia kwa mguu nikamtia kwenye jiko la mkaa. Sufi inashika moto upesi. Hata Alhamdu huwezi kuimaliza.

Hakulia. Laiti angelia. Alilitazama jiko, akanitazama mimi, kisha akakunja mkeka. Mama yangu aliniuliza neno moja tu: "Ulimuuliza anafanya nini?" Nikamjibu kwa Kiarabu ili asipate la kunijibu.

Ndugu yangu, linaloniumiza ni kwamba elimu nilikuwa nayo. Hadithi za Bi Aisha (r.a.) na vichezeo vyake nilizisoma kwa maalim wangu. Nilizihifadhi kama mas'ala ya fiqhi: je, vichezeo vya watoto vimetolewa katika katazo la masanamu? Jumhuri ya wanazuoni wamesema ndiyo, kama alivyonukuu Qadhi Iyadh. Wapo waliosema ruhusa hiyo ilifutwa. Mimi nikachukua rai ngumu kwa sababu ugumu unafanana na uchamungu ukiutazama kwa mbali. Sikuwahi kuzisoma hadithi zile kama baba mwenye binti.

Zisome nami sasa. Katika Bukhari na Muslim, Bi Aisha anasimulia kuwa alikuwa na vichezeo vya umbo la wasichana, na alikuwa na wenzake wa kucheza nao. Mtume (s.a.w.) akiingia, wale wenzake walikuwa wakijificha kwa haya. Naye akifanya nini? Akiwatoa walikojificha, akiwapeleka kwa Bi Aisha waendelee kucheza.

Katika Sunan Abi Dawud ipo nyingine. Mtume (s.a.w.) alikuwa amerudi safari ya vita, Tabuk au Khaybar, mpokezi ametia shaka. Upepo ukavuma ukafunua pazia, vikaonekana vichezeo vya Bi Aisha, na katikati yake farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Mtu ametoka safari ya jangwani, nyuma yake jeshi, mbele yake mambo ya umma mzima. Akauliza hiki ni nini. Akajibiwa. Akauliza na hivi vilivyo juu ya farasi ni nini. Akaambiwa ni mbawa. Akastaajabu, farasi ana mbawa? Bi Aisha akamrudishia swali: kwani hukusikia kuwa Nabii Sulayman alikuwa na farasi wenye mbawa? Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana.

Hesabu maswali aliyouliza. Wala hakumwambia kuwa farasi hawana mbawa na asiseme uongo. Nataja hili kwa sababu wapo wazazi, na wengine ni watu wa dini hasa, wanaomkemea mtoto anayesema kopo hili ni gari. "Usiseme uongo, hilo ni kopo." Mtoto anajua ni kopo kuliko wewe unavyojua. Uongo ni kumtaka mtu aamini lisilo kweli. Yeye anakualika mcheze.

Na utazame zile mbawa zilitoka wapi. Zilitoka kwenye kisa alichokisikia. Mkono ulitengeneza kile ambacho sikio lilikuwa limepokea. Wazazi wengi wananunua kichezeo na hawasimulii kisa, kisha wanashangaa mtoto amekichoka kwa siku mbili. Msimulie safina ya Nabii Nuh leo, halafu kesho angalia beseni la kufulia litakuwa nini.

Narudi kwangu. Mwaka jana binti yangu, ambaye sasa ni mama wa mtoto wa miaka 5, alikuja kututembelea. Nilikuwa natoka Magharibi. Nimefika mlangoni nikasikia sauti yake ya chini, anamwambia mwanawe: "Mfiche, babu anakuja."

Nilisimama pale nje na kandambili mkononi.

Umri wangu umepita hamsini. Watu wananipa mkono njiani, wananiletea watoto niwaombee dua. Na ndani ya nyumba yangu mtoto anafundishwa kunificha mwanasesere. Watoto walijificha kwa Mtume pia, nimekueleza hapo juu, lakini yeye aliwatoa wakacheze. Mimi kwa zaidi ya miaka 20 niliwaacha mafichoni na nikadhani hiyo ndiyo heshima.

Usiku ule nilimwita binti yangu nikamwomba radhi. Akacheka, akasema, "Baba, hayo ni ya zamani." Baadaye kidogo, anaosha vyombo, amenipa mgongo, akaniambia: "Lakini siku ile alikuwa anaumwa kifua. Nilikuwa namsomea Qul a'udhu, kama unavyonisomea mimi."

Basi hicho ndicho nilichokitia motoni.

Dada yangu uliyeuliza, jibu la kwanza ni hili. Mumeo ana msimamo katika jambo ambalo wanazuoni wametofautiana, na rai ya wengi haiko upande wake. Hata kama angekuwa na rai yenye nguvu, kisu mbele ya mtoto wa miaka 4 si njia ya kuifikisha. Lakini nakuomba usimpelekee andiko hili kama fimbo. Mwambie tu, kwa wakati mzuri, kuwa mtoto anaamka usiku. Mimi hakuna aliyeniambia. Na kama moyo wake hautulii na mwanasesere wa dukani mwenye uso kamili, mshoneeni wa kitambaa asiye na sura. Mtoto hatapungukiwa kitu. Uso atampa mwenyewe. Wa dukani aliyevaa nguo zisizositiri naye ana dawa: chukueni kipande cha kitambaa na sindano. Mke wangu hivi sasa anamfundisha mjukuu kushona mikono ya kanzu ya mwanasesere, na kazi ya tundu la sindano imenishinda mimi nisiye na miwani.

Sasa Idi. Nenda sokoni siku mbili kabla ya sikukuu utaona yamepangwa: bastola za plastiki, simu za plastiki zinazopiga muziki, wanasesere wanaoimba ukiwabonyeza tumbo, magari yanayojiendesha kwa betri. Nakwambia ninavyochagua mimi, baada ya kununua vibovu vingi.

Najiuliza kwanza: hiki kitu kinamwachia mtoto kazi gani? Mwanasesere anayeimba amekwisha kusema yote. Mtoto anabonyeza, anasikiliza, anabonyeza. Betri ikiisha, amekufa. Wa kitambaa haimbi kamwe, kwa hiyo leo ni mgonjwa, kesho ni bibi harusi, keshokutwa ni mwanafunzi wa madrasa anayechapwa kwa kutojua alif. (Hilo la mwisho nililiona kwa macho yangu, likanipa la kufikiri kuhusu walimu wetu.)

Bastola sinunui. Tumekatazwa kumwelekezea ndugu yetu silaha hata akiwa wa baba mmoja mama mmoja, na zile risasi za plastiki zinapiga macho. Simu yako ya kweli pia usiigeuze yaya. Mle ndani kila kitu kimekwisha kuchezwa na mwingine.

Kisha nakishika mkononi. Navuta magurudumu na macho, kama yanang'oka dukani yatang'oka kinywani. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 3, chochote kinachopita ndani ya bomba la kadibodi la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba koo. Zile betri bapa, ndogo kama kifungo, ziogopeni kwelikweli: mtoto akimeza, inaweza kuunguza umio kwa saa chache tu, na hapo unakimbia hospitali, hungoji itoke yenyewe. Kifuniko cha betri kisicho na skrubu, rudisha dukani. Rangi inayobanduka kwa ukucha, rudisha. Harufu kali ya plastiki, rudisha.

Na kichezeo bora nilichowahi kuleta nyumbani hakikutoka dukani. Nilikwenda kwa seremala jirani na msikiti nikamwomba masalia ya mbao, vile vipande vya mninga na mvule ambavyo huishia kuwashia moto. Akavikata viwe vya vipimo vinavyolingana, vifupi na virefu, kama 40 hivi, nikavipiga msasa mwenyewe jioni mbili mpaka pembe zikawa laini. Sikupaka rangi. Nilimpa shilingi 3,000 ya shukrani na mfuko wa unga mtupu ndiyo ukawa kasha lake. Kwa miezi kadhaa sasa mbao zile zimekuwa bandari, kituo cha daladala, kaburi la paka, na msikiti wenye minara 5 kwa sababu mbao ndefu zilikuwa 5.

Nilipoona hivyo nikaomba fungu jingine nikaliweka baraza ya madrasa, watoto wachezee kabla ya somo na baada yake. Mzee mmoja wa kamati alinijia juu. Akasema hapa ni mahali pa Qur'ani. Nikamkumbusha kuwa Imam al-Ghazali katika Ihya ameagiza mtoto aruhusiwe mchezo mzuri baada ya kutoka chuoni, maana kumnyima mchezo na kumkalifisha masomo daima kunaua moyo wake na kuzima akili yake, mpaka atafute hila ya kuyakimbia. Nikamkumbusha pia wanawake wa Madina siku ya Ashura, aliowasimulia Bi Rubayyi' bint Mu'awwidh (r.a.): waliwafungisha watoto wao na wakawatengenezea vichezeo vya sufu, mtoto akililia chakula anapewa hicho mpaka wakati wa kufuturu. Kichezeo kilikuwa ndani ya ibada, tena ya Maswahaba. Mzee alinyamaza. Hajakubali, lakini juzi nilimwona anamwondolea mtoto kibanzi kwenye ubao kwa kisu chake cha kumenyea machungwa.

Huna seremala? Una vifuu vya nazi, makopo ya maziwa, maboksi, kitenge kilichochakaa, udongo wa mfinyanzi ukiwa nao karibu. Wavulana wa zamani mnakumbuka magari ya waya, breki zake na usukani wake mrefu. Mkimfundisha mtoto leo kunja ncha za waya ziingie ndani. Kwa dada aliyeniuliza, nunua kimoja kizuri badala ya vitano vya kung'aa. Kile cha pili kitafute ndani ya nyumba. Na jioni ya Idi, baba mtu akae chini kwenye mkeka aulize hiki ni nini, na hiki kilicho juu yake ni nini, angoje jibu.

Mimi nilikaa, mwezi uliopita walipokuja tena. Nilipiga hodi kwa sauti kubwa kuliko kawaida ili yeyote anayetaka kuficha afiche. Hakuna aliyeficha. Mjukuu alikuwa amepanga zile mbao mistari miwili sebuleni, juu ya kila ubao amelala mgonjwa: mwanasesere, kijiko kilichofungwa leso, chupa ya mafuta ya nazi.

Nikauliza, "Hapa ni wapi?"

Akasema, "Hospitali, babu. Vua viatu. Na uongee polepole, huyu kijiko hajalala usiku kucha."

Nikavua viatu. Nikauliza kijiko anaumwa nini.

Wabillaahi tawfiiq.