Kichupa cha mapenzi na sindano ya pajani



Wiki ya singo, mdogo wangu, binti wa mama mdogo, alinionesha kwenye simu kichupa kinachouzwa mtandaoni. Kimeandikwa "homoni ya mapenzi". Unapuliza kwenye mito, mume akilala hapo, basi hamtazami tena mwanamke mwengine. Bei yake karibu nusu ya mahari yake! Akaninong'oneza, "Dada, huyu mtu simjui vizuri. Naogopa asinipende."

Sikumcheka. Usiku wa kuamkia harusi yangu nilikuwa na hofu hiyo hiyo, na somo yangu na udi wake wote hakuweza kuniondolea.

Homoni yenyewe ni oksitosini, na mimi nilikutana nayo kwengine. Nilipomzaa mwanangu wa kwanza, mkunga alinichoma sindano pajani, mtoto hata hajafutwa. Kondo likatoka lakini damu haikukatika. Nikaona shuka inageuka rangi. Mkunga akamwita mwenzake, mmoja akanitundikia dripu ya dawa ile ile, mwengine akanikanda tumbo kwa nguvu zake zote. Nilikuwa nikileta shahada kimoyomoyo. Kisha tumbo likakaza kama ngumi, damu ikapungua. Jina la dawa niliuliza siku ya pili.

Ni jina la Kigiriki, maana yake uzazi wa haraka. Mwaka 1906 Henry Dale wa Uingereza aliona kwamba maji ya tezi iliyo chini ya ubongo yanakaza mfuko wa uzazi wa paka mwenye mimba. Mwaka 1953 Vincent du Vigneaud akaitengeneza maabara kule Marekani, na 1955 akapewa tuzo ya Nobel. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri kila mzazi apewe, yuniti 10, mara tu mtoto anapotoka. Inataka friji, ikikaa kwenye joto inapoteza nguvu. Mwili nao huitoa wenyewe mtoto anaponyonya, ndiyo lile chango linalokukata siku za mwanzo.

Hayo mapenzi yalianzia kwa panya wadogo wa mbuga za Marekani, wanaoishi mume na mke. Jike akitiwa oksitosini kwenye ubongo, alishikamana na dume upesi. Mwaka 2005 watafiti wa Zurich wakawapulizia wanaume puani, wakaripoti kuwa wameaminiana zaidi katika mchezo wa pesa. Sifa zikaenea dunia nzima. Lakini jaribio hilo liliporudiwa kwa kundi kubwa zaidi, matokeo yake yakatangazwa 2020, imani ile haikuonekana. Na 2023 ikaja habari ya panya waliozaliwa bila kipokezi cha homoni hiyo, na bado wakachagua wenza wao. Sasa hao walipuliziwa puani, na wataalamu, sembuse mto!

Nilimweleza yote. Akanyamaza, akauliza, "Kwa hiyo nifanye nini?" Nikamwambia nikah ikishapita amuulize mumewe anapenda chai ya rangi au ya maziwa, aanzie hapo.

Kichupa hakununua. Juzi kanitumia ujumbe: bwana anakoroma, halafu chai hanywi kabisa, ni mtu wa kahawa. Anataka kujua kama amwambie ile habari ya mito. Bado sijamjibu.