Simu ya Mzee Ikae Mkononi mwa Mzee

Mwezi huu sisi wazee tunaomba nafasi kidogo. Tuko na neno juu ya simu na intaneti.

Wenyeji wetu wa Arua na Koboko nao wanajua ukimbizi. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, wengi wao walivuka mpaka kwenda Sudani na Zaire. Tukikaa na wazee wa Ajia, wanatuambia kwamba siku zile barua ya ndugu ilipita mikono mingi kabla ya kufika. Leo tunasikia sauti ya dada aliye Bunia siku hiyohiyo, kwa WhatsApp. Hata asiyejua kusoma anafinya, anaongea, sauti inaenda. Mzee aliyesikia watu wake anakula, analala, anaamka na nguvu ya kushika jembe.

Lakini shida iko hapa: simu ni ya mzee, wenye kuitawala ni wajukuu. Namba ya siri wanaijua wao. Mzee akitaka kuongea na mtu wake, anangoja mtoto atoke shule. Pesa ikiingia, anaambiwa tu ni ngapi. Kusaidiwa ni kuzuri, ila namna hii mzee anageuzwa mtoto nyumbani kwake. Tena mwaka 2019 Uganda iliruhusu mkimbizi aandikishe laini kwa karatasi ya familia ya OPM. Basi laini ya mzee iwe kwa jina lake.

Neno lingine ni afya. Kuna ujumbe unazunguka kwenye simu kwamba ndimu inaponya presha. Jirani yetu mmoja akauamini, akaacha vidonge, na mwisho akabebwa kwenda kituo cha afya. Presha haipigi kelele. Unaweza kujisikia vizuri kabisa na huku iko juu. Kwa hiyo vidonge ni vya kila siku, na ujumbe wa simu tumuulize daktari kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Hiyo ni habari njema ya kutumiana.

Wajukuu wetu, tunawapenda. Mkitufundisha, msitunyang'anye simu mkononi mkafinya nyinyi. Acheni vidole vyetu vifinye, hata mara kumi. Tuonyesheni kutuma sauti, kuangalia salio, kuweka alamu ya saa ya dawa. Halafu geuzeni uso tukiandika namba ya siri.

Na sisi wazee tusiseme, "Hayo ni mambo ya vijana." Tulijifunza kulima udongo wa huku tukiwa na mvi tayari. Simu nayo tutaiweza, polepole.

Mbaki na amani.