Jiwe la Buluu na Jina la Shimo Lake

Tucson, Arizona

Ndugu zangu wa machimbo ya dhahabu ya Masara, Migori, na nyinyi majirani wa upande wa Homa Bay, nawaandikia nyinyi.

Kila Februari mji huu hugeuka soko la mawe. Maonyesho makuu yalianza 1955, na siku hizi yanapofika, vyumba vya hoteli za kando ya barabara huwa maduka: kitanda kimesogezwa, meza imetandikwa kitambaa cheusi, mawe yamepangwa juu yake. Kati ya mawe yote hayo, linalowasimamisha watu ni moja ambalo Kiswahili bado hakijalipa jina la nyumbani, basi tuliite azuraiti. Ni shaba iliyokutana ardhini na maji na hewa ya ukaa, ikatulia ikawa fuwele. Buluu yake ni ile ya mbingu juu ya ziwa dakika chache baada ya jua kuzama. Ukiutazama uso wa fuwele unaona karibu weusi mtupu. Pembeni, pale ilipo nyembamba na mwanga ukapenya, rangi inawaka. Hata jina limetokana na neno la Kiajemi, lazhward, lililopita kwa Waarabu likaingia lugha za Ulaya kwa maana ya buluu. Ninalotaka kuwaambia kuhusu mawe ya namna hii ni jambo moja. Thamani yake imekaa mahali pawili, katika uzima wa jiwe na katika jina la mahali lilikotoka, na kazi ya machimbo yetu, jinsi inavyofanywa leo, huviharibu vyote viwili kabla mtu hajapata nafasi ya kutazama.

Nianze na uzima. Azuraiti ni jiwe laini. Katika kipimo cha ugumu kinachoishia 10 kwenye almasi, lenyewe liko kati ya 3.5 na 4, kwa hiyo ncha ya kisu hulikwaruza. Ukilidondoshea tindikali linatoa povu na kuyeyuka. Likikaa kwenye unyevu kwa muda mrefu hupoteza sehemu ya ukaa wake, likabadilika polepole kuwa malakiti, ndugu yake wa kijani. Ndiyo maana vipande vingi vina rangi zote mbili, buluu ikirudi nyuma na kijani kikisonga mbele. Lakini kuna tabia moja ambayo wachoraji wa zamani, Ulaya na China pia, waliijua vizuri kuliko wachimbaji. Walilisaga jiwe hili kupata rangi, na waligundua kwamba kadiri unavyolisaga ndivyo buluu inavyofifia. Unga wa chengachenga unabaki na buluu nzito. Unga laini kama wa ugali unakuwa buluu hafifu iliyopauka. Kwa hiyo aliyetaka vazi la mtakatifu liwe buluu ya kina ilimbidi aache kusaga mapema na avumilie rangi iliyokwaruza brashi. Nawaomba mlitafakari hilo mbele ya kinu cha kusagia mawe. Dhahabu haijali kusagwa, inatoka ile ile. Yapo mawe mengine ambayo kusagwa kwenyewe ndiko kunakoyamaliza.

Ushahidi hauko mbali na ninapoandikia. Mwendo wa kilomita 150 hivi kutoka Tucson, karibu na mpaka wa Mexico, upo mji wa Bisbee uliozaliwa na shaba. Uchimbaji mkubwa ulianza karibu na 1880 ukaisha 1975. Lengo la kampuni lilikuwa shaba, na azuraiti kwao ilikuwa mbale nzuri tu, maana zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba. Tani kwa tani zikaenda tanuruni. Vipande vilivyopona ni vile ambavyo wachimbaji walivificha ndani ya vyombo vyao vya chakula cha mchana wakatoka navyo, pamoja na vichache ambavyo wakubwa wenyewe waliviona vinafaa kuhifadhiwa. Kimoja cha hivyo ni bonge la azuraiti na malakiti la tani nne na nusu lililopelekwa kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1893, na ambalo leo liko katika jumba la makumbusho ya viumbe na maumbile jijini New York. Shaba iliyoyeyushwa ilikwisha kuwa nyaya na mabomba, na hakuna awezaye kusema ni nyaya zipi. Fuwele zilizotoka ndani ya vyombo vya chakula bado zinaitwa Bisbee, na hapo mgodi umefungwa nusu karne.

Neno hilo, zinaitwa, ndilo la pili katika hoja yangu, na ndilo zito zaidi. Karibu na Lyon, Ufaransa, kuna kijiji kinaitwa Chessy. Machimbo yake ya azuraiti yalikwisha zamani, lakini kwa muda mrefu wataalamu waliliita jiwe lenyewe chesilaiti kwa heshima ya kijiji, hata baada ya Mfaransa Beudant kulipa jina la azuraiti mwaka 1824. Kusini mwa bara letu, Tsumeb ya Namibia ilitoa madini ya aina zaidi ya 300 kabla ya mgodi kufungwa 1996, na mkusanyaji yeyote wa Tokyo au Munich akisikia Tsumeb anajua hasa unasema nini. Kila kipande cha maana kina karatasi ndogo, pengine si kubwa kuliko tiketi ya matatu, iliyoandikwa jina la mgodi na mara nyingine kina cha shimo na mwaka. Chukua vipande viwili vya uzuri sawa: kimoja kina karatasi hiyo, kingine kimeandikwa Afrika tu. Cha pili kitauzwa kama pambo. Kwa mwanasayansi ni duni zaidi, kwa sababu jiwe lisilojulikana lilikotoka haliwezi kumweleza chochote kuhusu mwamba uliolizaa.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya watu wenye pesa na nafasi. Kwao nina mfano wa nyumbani kabisa, kutoka Kanam, kwenye rasi ya Homa. Machi 1932, Juma Gitau, aliyekuwa akifanya kazi na mtafiti wa mambo ya kale Louis Leakey, alipata pale kipande cha taya. Leakey aliamini ni taya ya binadamu wa kale sana na akalitangaza jina la Kanam kwa ulimwengu wa wasomi. Mtaalamu wa miamba kutoka London, Percy Boswell, akaja kujionea. Vigingi vya chuma vilivyokuwa alama ya mahali havikuwepo tena. Picha iliyotolewa kama ushahidi ilikuwa ya mahali pengine. Leakey hakuweza kumwonyesha kwa uhakika ni korongo lipi, wala ni tabaka lipi la udongo. Boswell akaandika katika jarida la Nature mwaka 1935, na taya ya Kanam ikaanguka kutoka orodha ya ushahidi. Mfupa wenyewe ulikuwa mzima mkononi. Kilichopotea ni mahali. Sasa linganisheni na Nyayanga, kwenye rasi hiyo hiyo. Mwaka 2023 watafiti wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya walitangaza zana za mawe za umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko iliyochinjwa kwa zana hizo. Hoja yao ilisimama juu ya matabaka waliyoyapima na kuyaandika moja baada ya jingine. Udongo ni ule ule wa Homa Bay, ziwa ni lile lile. Tofauti kubwa imo katika daftari.

Sasa nije Masara, maana swali najua linasubiri: je, azuraiti iko kwetu? Jibu la miamba ni hili. Mgodi wa Macalder, huko huko Migori, ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi 1966, kwanza dhahabu iliyokuwa sehemu ya juu iliyooza kwa hewa na maji, kisha shaba ya chini yake. Shaba hiyo iliwekwa na maji ya moto chini ya bahari ya zamani mno, zaidi ya miaka bilioni 2 na nusu iliyopita, ndani ya mawe ya volkeno. Popote shaba ya namna hiyo inapoguswa na mvua na hewa, kijani na buluu ni jambo la kutarajiwa. Lakini fuwele kubwa kama za Bisbee na Tsumeb zilikulia ndani ya mawe ya chokaa, yenye ukaa tele na mapango ya kuzipa nafasi. Mawe ya volkeno hayana utajiri huo, kwa hiyo hapo mtu atarajie ukoko mwembamba au vidoadoa kwenye ufa. Sitaki kijana yeyote auze ng'ombe wa babake kwa kufuata ndoto ya Tsumeb.

Hapo mpinzani atasema basi nimejijibu mwenyewe, tuendelee kusaga. Naona amekata kauli mapema. Buluu nimeitumia kwa sababu inaonyesha waziwazi kanuni inayohusu mawe mengine tuliyo nayo kwa hakika. Kipande cha dhahabu iliyojikunja kama uzi ndani ya jiwe jeupe la kwazi, kikiwa kizima na kina jina la shimo, huuzwa kwa wakusanyaji kwa bei inayopita ile ya dhahabu iliyomo ndani yake. Masara, kipande hicho hicho hupigwa nyundo, kikasagwa, kikashikwa kwa zebaki, na zebaki ikachomwa hewani mbele ya anayeshikilia karai. Tumelipa kwa mapafu yetu ili kupata bei ya chini. Homa Bay nayo ina mlima wa Homa na vilima vya Ruri, volkeno za ajabu zilizomwaga chokaa iliyoyeyuka, mawe ambayo wanajiolojia husafiri kuvuka bahari kuyaona. Azuraiti ingekuwa haipo hata chembe, tabia ya kutazama kabla ya kuponda bado ingelipa.

Pingamizi la njaa nalichukulia kwa uzito zaidi. Mama anayeponda mawe kwa nyundo tangu asubuhi anahitaji unga jioni, na mteja wa vielelezo hayuko Masara leo hii. Ni kweli. Lakini kumbukeni kwamba yeye ndiye wa kwanza duniani kuona uso wa ndani wa kila jiwe linalopasuka. Hakuna profesa anayemtangulia. Kumwomba aweke kando jiwe moja katika maelfu, lile linalong'aa isivyo kawaida, hakumnyimi unga wa siku hiyo. Na soko halizaliwi kwa mwito. Mirerani ya Tanzania, kunakochimbwa tanzanaiti, ilijengewa ukuta na nyumba ya mauzo, na mwaka 2020 Saniniu Laizer aliiuzia serikali vipande viwili vya tanzanaiti, kimoja cha zaidi ya kilo 9 na kingine cha zaidi ya kilo 5, kwa shilingi bilioni 7.7 za huko. Mchimbaji mdogo, mbele ya kamera, kwa mizani ya wazi. Sheria yetu ya Madini ya 2016 nayo inamtambua mchimbaji mdogo na kuweka kamati za kushauri kuhusu utoaji wa vibali kaunti kwa kaunti. Inasema pia kwamba madini ni mali ya Jamhuri na hayatoki nchini bila kibali, jambo ambalo mnunuzi mgeni mwenye begi na maneno matamu hatawakumbusha.

Ndipo linakuja pingamizi linaloniuma kuliko yote, kwa sababu nakaa upande huu ambako vitu vyetu huishia. Fuvu la Kabwe, la binadamu wa kale, lililotoka mgodini Zambia mwaka 1921, bado liko London licha ya Wazambia kulidai kwa miaka mingi. Azuraiti mashuhuri ya Tsumeb inaitwa Newmont, jina la kampuni ya Kimarekani iliyokuwa na hisa mgodini, nayo iko New York. Kwa nini tukusanye ili wengine wapambe kabati zao? Nasema tukusanye kwanza kwa ajili yetu. Huko Nyatike, Migori, kuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wala saruji karne tano zilizopita, zikasimama hadi UNESCO ikaziandika katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Ziko chini ya uangalizi wa Makumbusho ya Taifa. Watu ambao mababu zao walijua kulichagua kila jiwe na mahali pake hawahitaji kufundishwa na Arizona kwamba jiwe lina mahali. Kabati moja la kioo pale, au Kisumu, lenye mawe ya machimbo ya Masara, Macalder na Osiri, lingempa mwanafunzi wa Migori kitu cha kukiona kwa macho anaposoma habari za miamba, na lingempa mchimbaji pa kulinganishia jiwe lake kabla ya kukutana na dalali.

Wala msishuke mashimo ya zamani ya Macalder kwa ajili ya kukusanya mawe haya. Mashimo yaliyoachwa huporomoka bila kuaga, na hewa ya chini huua kimya. Vilivyo juu ya ardhi vinatosha, kwenye marundo na kwenye magunia yanayosubiri kinu. Ukiona buluu, kijani kikavu, au dhahabu ndani ya kwazi, usiioshe kwa tindikali wala usiisugue. Ifunge kwa gazeti, iweke kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na moto wa jikoni. Ndani ya kopo tia kipande cha karatasi ya daftari la mtoto, kilichoandikwa kwa penseli, maana wino huchuja kwenye unyevu: jina la shimo, kina kwa futi, tarehe, na jina la aliyelipata jiwe.